Asali Ile Yenye Miguu ya Nyuki

Morogoro,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Kulwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, isipokuwa mama watoto bado ana neno na mimi kuhusu stoo, jambo ambalo nitalieleza huko mbele. Najua kwamba miezi saba imepita bila barua, na najua pia kwamba ukimya huo nimeuanzisha mimi, siku ile nilipopokea dumu lako la asali nikakupigia simu kukuuliza kama huko Sikonge asali huchujwa kwa kitambaa au kwa miguu ya nyuki. Dotto aliniambia baadaye kwamba hukucheka. Nakuandikia kuomba radhi na, kwa kuwa unanifahamu, umekwisha kuhisi kwamba nyuma ya radhi kuna ombi.

Ombi lenyewe linahusu mvinyo wangu wa asali. Tangu ulipoonja ule wa kwanza, ukasema kwa upole kwamba unafaa kuoshea vioo, nimetengeneza mara tano, kila mara kwa asali nyingine. Asali ya alizeti niliyoletewa kutoka Singida iliganda kama samli kabla sijaifungua, nikalazimika kuiweka ndoo juani, lakini mvinyo wake ulitoka mwepesi na wenye harufu ya maua. Ile ya nyuki wadogo, yenye majimaji na uchachu wake wa asili, niliipata nusu lita kwa bei ambayo sithubutu kuitamka humu ndani, nikaona ni heri iliwe kwa kijiko. Asali nyeusi ya miombo ndiyo pekee ambayo, hata baada ya hamira kula sukari yote, bado inajitambulisha kinywani kwamba ilitoka porini.

Sasa sikiliza yaliyonipata mwezi uliopita. Nilinunua kilo sita za asali katika duka moja la hapa mjini, nzuri kwa macho, iliyochujwa na kupashwa moto mpaka ungeweza kusoma gazeti kupitia chupa yake. Nikaizimua kwa maji, nikaigawa katika ndoo mbili za lita 10 kila moja, nikatia hamira, nikapima kwa haidromita, chombo kinachoonyesha sukari iliyobaki, nikapata 1.090, kipimo ambacho kikishuka hadi 1.000 humaanisha kilevi cha karibu asilimia 12. Kwa kuwa joto la hapa likizidi nyuzi 30 mvinyo hutoka na ukali unaochoma koo, nilizizungushia ndoo magunia yaliyoloweshwa, nikawa nayamwagia maji asubuhi na jioni kama mtu anayetunza kitalu. Siku tatu za mwanzo povu lilikuwa la kuridhisha. Siku ya tisa kimya kilitanda, mrija wa kutolea gesi ukaacha kutoa mapovu, haidromita ikagoma kwenye 1.050, na nilipofunua mfuniko nikapokewa na harufu ya yai viza.

Nilikaa juu ya kigoda nikizitazama ndoo zile, na hapo ndipo nilipokumbuka dumu lako. Ndiyo, ndugu yangu, sikulitupa. Lilikuwa nyuma ya jiko, na ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na mabaki ya masega yenye nta, chavua, majana (watoto wa nyuki) mawili matatu, na ile miguu niliyoifanyia mzaha. Kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili, nilichota konzi moja nikaitumbukiza katika ndoo ya kwanza. Kesho yake asubuhi mrija ulikuwa ukitoa mapovu kama chungu cha maharage. Baada ya wiki mbili ilisoma 1.004 na ile harufu ilikuwa imekwisha, ilhali ndoo ya pili, iliyotokana na asali ileile na kukaa chini ya magunia yaleyale, haikuvuka 1.047.

Nimelitafakari jambo hili usiku na mchana. Asali ni sukari na maji, na hamira haiishi kwa sukari peke yake. Inahitaji naitrojeni, ambayo katika asali safi ni haba sana, ila katika chavua ipo. Kwa hiyo mimi nilikuwa nalipa pesa zaidi ili niuziwe asali iliyoondolewa chakula cha hamira, kisha nikashangaa kwamba hamira inadhoofika. Huenda masega yako yalibeba pia hamira ya porini, kama vile Wakikuyu wanavyoitunza yao katika tunda kavu la mvungunya wanapotengeneza muratina, pombe yao ya asali. Vyovyote iwavyo, nimemkumbuka bibi yako na wanzuki wake, pombe ya asali ya kienyeji, alivyokuwa akitumbukiza masega mazima chunguni na sisi wasomi tukikunja pua.

Kuhusu matunda nitasema kwa ufupi, kwa sababu ndiyo yaliyoniletea kesi ya stoo. Embe dodo nililitia mwanzoni kabisa, harufu yake yote ikatoroka na mapovu, kikabaki kinywaji chenye ukungu kisicho na embe wala asali. Kisha kwa pupa nikakijaza chupani kabla hakijatulia. Chupa tatu zilipasuka saa nane za usiku, moja ikatoboa dari ya stoo, na Mzee Lameck alikuja na panga akidhani tumevamiwa. Zambarau, kwa upande mwingine, nilizitia kilo mbili baada ya kuuhamisha mvinyo kutoka kwenye sira, yale mashapo ya chini, zikaupa rangi ya kanzu ya askofu na ukakasi unaoshika ulimi kidogo. Pasheni nayo ni nzuri, kwa kuwa asali haina uchachu wa kutosha. Lakini tunda, nimeona, haliwezi kuiokoa asali iliyolala. Niliitia ile ndoo ya pili pasheni, nayo ikachechemea kwa siku mbili ikarudi kulala. Na ndiyo maana narudi palepale kwenye masega yako.

Naomba unipatie lita 20 za asali ya miombo, isiyochujwa, isiyopashwa moto, pamoja na masega yake na chavua yake na, nasema haya kwa unyenyekevu, miguu yake. Pesa nitamkabidhi Dotto, na dumu nitalirudisha likiwa limeoshwa.

Je, msimu wa kurina umekwisha, au bado mna mizinga ambayo haijaguswa? Mrina asali wako anaweza kupunguza moshi kidogo, maana ule wa mara ya mwisho ulibaki mpaka kwenye mvinyo? Bibi alikuwa akitumbukiza masega siku ya kwanza, au alisubiri povu lianze? Aliyachemsha? Na chungu chake, ambacho naambiwa hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja, nani anacho sasa? Mwisho, tafadhali nijibu kwa ukweli: bado umekasirika?

Nimekuwekea chupa mbili za zambarau. Ziko nje, chini ya mti, mbali na dari.

Wako,
Anselmi