Mwanangu, bahari si ziwa

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, goti la mama yako limepoa. Mdogo wako kanisomea ratiba yako ya fungate huko Unguja mara mbili. Mara ya pili nilimwambia asome taratibu, maana nilikuwa naitafuta sehemu yenye saa za maji. Haipo. Umeandika saa ya chai, saa ya kwenda Jozani kuwaona kima punju, saa ya kula kule juu ya jiwe, mpaka saa ya kupiga picha. Saa za maji kupwa na kujaa hukuandika.

Najua unacheka. Mtoto wa Ujiji afundishwe maji! Kuogelea unajua, na katika rika lako sijaona anayekata maji kama wewe. Nilikuwa nakutazama kutoka mtumbwini nikanyamaza, nisije nikakuvimbisha kichwa. Lakini unachokijua ni ziwa. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na pamoja na kina chote hicho ukiacha kandambili zako mchangani asubuhi, jioni unazikuta palepale. Bahari inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Ukiyaona maji saa nne leo, kesho usiyatafute saa nne.

Yule mzee jirani aliyefanya kazi ya majahazi Unguja amenieleza vizuri. Kule Paje ulikoandika mtalala, maji yakitoka yanakwenda mbali, unaona mchanga mtupu na akina mama wanahudumia mwani wao. Mgeni anavutika, anatembea kuelekea kwenye mwamba mawimbi yanakovunjikia, anaokota kombe, anapiga picha. Maji yakianza kurudi hayamjii usoni. Yanajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake, na yeye bado anatazama mbele. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanakimbia zaidi. Siku hizo huko yanapwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Sisi wavuvi wa dagaa mwezi mpevu ulikuwa wa kupumzika na kushona nyavu, karabai haina kazi usiku huo. Wenzetu mwezi huohuo ndio unaowaondoshea maji. Unaona tofauti?

Isitoshe, likizo yako ni Juni, na Juni ni msimu wa upepo wa kusi. Upande huo wa mashariki ndio unaopigwa.

Na mkeo ni mtu wa Tabora. Maji makubwa aliyoyajua kabla ya kuja kwetu ni bwawa la Igombe. Siku ile pale Kibirizi nilikuwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikamwona. Wewe umeshaingia, unapiga makelele na vijana. Yeye kashika gauni kwa mikono miwili, akaingia mpaka magotini, halafu mpaka mapajani, gauni limelowa lote. Hakuyatazama maji hata mara moja. Alikuwa anatazama mgongo wako. Tangu siku hiyo sina raha na hii safari. Utakapokwenda ataenda, na wewe huna tabia ya kugeuka nyuma.

Kwa nini msilale Nungwi au Kendwa? Huko kaskazini maji hayatoki mbali hivyo, mtu anaoga saa yoyote karibu na nchi kavu. Paje mwende mchana mmoja, mtazame mwani, mrudi. Kuhusu kuruka kutoka kwenye boti Kizimkazi kuwafuata pomboo, wewe fanya unavyotaka, ila mkeo abaki botini na jaketi okozi limefungwa, si kuwekwa mapajani. Kisiwani Mnemba vivyo hivyo. Changuu nimeipenda, kobe wakubwa hawamzamishi mtu.

Hiyo The Rock, mkahawa wa juu ya jiwe pale Michamvi Pingwe, naona umeiwekea nyota tatu. Maji yakiwa yametoka mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa mashua. Kwa hiyo mnaweza kuingia kwa miguu na kukuta njia ya kurudi imekuwa bahari. Msubirini mwenye mashua. Usijitie ushujaa wa kusema yanafika kiunoni tu. Bei yake mdogo wako aliitaja, nikamwambia arudie. Mle mara moja, basi. Siku nyingine nendeni Forodhani jioni, mle mishikaki na urojo na juisi ya miwa, na uulize bei kabla samaki hajarudishwa jikoni. Mkeo usimlazimishe pweza. Mtu aliyekulia michembe na asali umpe pole pole.

Halafu fungate asili yake ni siku saba, wewe umeweka nne na ndani yake umeshindilia mambo kumi na tisa. Nimehesabu. Umemuuliza mwenzio anataka nini? Ratiba nzima ni mkono wako. Hilo umelirithi, najua kwa nani.

Habari ya usiku ule wa Katonga siirudii, ulikuwepo. Mama yako mpaka leo huwaambia watu ni upepo, namwacha aseme. Lakini mjomba wako aliniambia turudi, na aliniambia mapema. Alikuwa hajui kuogelea vizuri, akakaa kimya kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kasia la nyuma. Sasa nimeshaandika, tuendelee.

Turubai la harusi limerudishwa, ila sufuria moja kubwa haionekani na mwenyewe anadai. Muulize shangazi yako kama ilipanda gari kimakosa. Bati la jikoni limeng'oka pembeni, nimelikandamiza na matofali mpaka utume misumari ya maana, hii ya dukani hapa inapinda. Mbuzi kazaa pacha, mmoja wa mkeo, ameshapewa. Dumu la mawese la wakwe zako litapanda treni Jumapili. Mkeo ampigie mama yake aende stesheni Tabora na mtu wa kubeba, ni lita 20, na wasilipokee bila kutazama kifuniko.

Mkivuka na boti kutoka Dar chukueni vitambulisho vyenu vya taifa. Hotelini uliza bei ya Mtanzania kabla hujatoa hela.

Saa za maji ukizipata, za siku zote nne, zitume kwenye simu ya mdogo wako. Usizitume kwa mama yako.

Baba yako