Wanaokwenda chuo waelezwe mambo kabla hawajavuka Mokowe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Lamu. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hutoka Januari na chuo kikuu watoto wanaripoti Agosti au Septemba, yaani miezi yote hiyo mtoto yuko nyumbani na hakuna anayekaa naye akamwambia chuo kinakwendaje. Tunanunua sanduku, tunasoma dua, tunamvusha kwa mashua mpaka Mokowe, gati ya ng'ambo, apande gari, imekwisha.

Sasa huyu skuli alizoea kengele, ya kula kengele, ya kulala kengele, na mwalimu anamfuata mpaka bwenini. Chuo hufuatwi. Usipoingia klasi wiki 3 huenda asikuulize mtu, usipojisajili yuniti zako, yaani masomo ya muhula, kwa mtandao unafika mtihani jina halipo. Wengi wanayajua haya wameshaharibikiwa, na si wajinga jamani, waliingia na alama nzuri tu.

Linaloniuma zaidi ni pesa. Huu mfumo wa ufadhili ulioletwa 2023 una skolashipu, una mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na una sehemu ya mzazi, na utakachopata kinategemea ulivyoeleza hali ya nyumbani kwenye fomu, halafu sisi tunamwachia mtoto aende saiba, duka la mtandao, peke yake ajaze mbio mbio, hata babake mvuvi hajaulizwa anaingiza ngapi msimu wa kusi bahari ikichafuka! Na hela ya matumizi nayo mara nyingi huchelewa, ikija inakuja kwa mpigo, kijana ambaye hajawahi kupanga bajeti anaimaliza kwa viatu na simu, baadaye anashindia chai ya rangi. Kwa njaa hasomi mtu.

Wanaopelekwa Eldoret na Njoro wabebe masweta mazito, baridi ya kule si mchezo. Na Waislamu wajue vyuo vingi vina jumuia yao, waitafute wiki ya kwanza, huko watapata wa kuwaonyesha msikiti, chakula na nyumba salama za kukodi.

Kwa hivyo nawaomba vijana wetu walioko Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, walioko Mombasa na bara, mkija likizo kaeni na hawa wapya, hata pale uwanja wa Mkunguni jioni, muwaeleze bila kuficha. Kaunti inatoa basari, isimamie na hivi vikao, vijiji vya Faza na Kizingitini kule kisiwa cha Pate pia visisahauliwe. Na wasichana wawe na kikao chao na dada zao, manake yako maswali hawatauliza mbele ya wavulana.

Mzazi, Langoni, Lamu