Koko hakuwa mpole

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita tulimzika koko wetu, yaani bibi yetu, hapa Bukavu. Katika misa, padri kijana alihubiri kwamba marehemu alikuwa mama mpole, mnyamavu, asiyegombana na mtu. Wamama waliouza naye soko la Kadutu walitazamana. Mmoja akajiziba mdomo kwa kitenge. Padri simlaumu, alifika parokiani juzi tu. Lakini Koko mwenyewe angesikia angesimama kumkatiza.

Alikuwa mkali. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na kopo lake la kupimia lilikuwa zima, wakati makopo ya wengi pale sokoni yamebonyezwa chini ili yajae upesi. Akiliona la namna hiyo, anamwuliza mwenye kopo mbele ya wateja: "Na Jumapili unapokea komunyo kwa mkono huo huo?" Walimchukia kwa hilo, sifichi.

Wasiojua ziwa letu niwaeleze. Wavuvi wa sambaza huvua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, samaki hawasogei, soko linakauka. Siku hizo Koko alizitoa kwa Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki: kutembelea wagonjwa, wajane, na wale wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, walioacha kusali, ambao nadhani walimwogopa kuliko walivyomwogopa paroko.

Sasa Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu. Ndiyo maana Ijumaa Kuu, siku ambayo kila Mkatoliki anatafuta samaki, sambaza huwa adimu na bei inaruka. Yake haikuruka. Alikuwa na akiba aliyoianika juani mapema, akaiuza kwa bei ya siku zote, kopo moja kwa kila nyumba. Mwenye gari akitaka beseni zima, alifukuzwa. Shangazi yangu alilalamika kwamba tunapata hasara kwa ajili ya Yesu. Koko akamjibu: "Yesu hajaniomba hasara. Ameniomba nisiibe."

Askofu wetu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa hapa mjini, Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, Koko alimwombea kila jioni kwa jina, kabla ya watoto wake mwenyewe. Na Septemba 2000, mrithi wake, Askofu Mkuu Kataliko, aliporudi kutoka Butembo alikokuwa amehamishiwa kwa nguvu, Koko alitandika barabarani kitenge kipya, ambacho hata kukilipa hakuwa amemaliza. Magurudumu yakakipasua. Akakifua, akakitia kiraka, akakivaa Jumapili. Kataliko alifia Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, na Koko akaomboleza amevaa kitenge hicho hicho. Nilipomwambia kiraka kinaonekana, alisema kimewekwa kionekane.

Kuna jambo jingine, ndilo hasa lililonifanya niandike. Daftari lake la madeni liko kwangu. Akiwa kitandani aliniagiza nifute majina ya wajane wote, nami nimeyafuta mbele yake, akiyahakiki moja moja kwa kidole. Ya wengine hakuagiza niyafute. Nyumba mnaijua, na jioni huwa nipo.

Mjukuu wake,
Kadutu, Bukavu