Daftari la kijani bado ninalo

Kaka Sele,

Vipi hali, vipi shemeji, vipi dawati. Najua salamu zimechelewa. Meseji yako ya kuniomba hati ya kiapo niliisoma siku ileile uliyotuma, nikakausha wiki tatu kama sijaiona, na wewe ukaona tiki za bluu ukanyamaza kiungwana. Bora ungenitukana. Sikuwa bize wala sikuwa naumwa, nilikuwa naogopa. Basi nimeshasema.

Ile notisi ya wakili wa yule bosi tuliyemwandika gazetini nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kuisoma habari yetu yenyewe. Kurasa 6 za kuchafuliwa jina, anataka tuombe radhi ukurasa wa mbele, habari itolewe mtandaoni, halafu fidia ambayo tukiuza gazeti, viti, kompyuta na wewe mwenyewe na kitambi chako haifiki hata nusu. Siku 7 tu. Na kamtaja kila mtu, gazeti, wewe, mimi niliyeacha kazi tangu mwaka jana, mpaka mwenye mtambo wa kuchapa ambaye maskini anachochapa hata hakisomi. Kaka, aliyelengwa pale ni huyo wa mtambo. John Major akiwa waziri mkuu wa Uingereza alipolishtaki jarida la New Statesman mwaka 1993 hakuishia kwa waandishi, aliwabeba na wachapaji na wasambazaji humohumo. Mchapaji hana habari ya kutetea, ana mashine yake na wateja wengine. Siku atakayokwambia uandike barua kwamba hasara yoyote mtalipa nyie, au kazi yenu hachukui tena, gazeti limeshafungwa na hakuna hakimu aliyeagiza lifungwe.

Ndo maana nikisikia mtu anasema kama mliandika ukweli mnaogopa nini, naona huyu hajawahi kushtakiwa. Kwenye hizi sheria za asili ya Kiingereza mlalamikaji hana kazi ya kuonyesha kwamba tumesema uongo. Maneno yakishaonekana yamemshushia hadhi, yanahesabika ni ya uongo mpaka sisi tuthibitishe kinyume, tena kwa ushahidi unaokubalika mahakamani, sio kwa nilimsikia kwa masikio yangu. Na yule chanzo chetu unamjua, kizimbani hapandi hata umbebe. Haya, tuseme ushahidi upo, lini sasa? Kesi itapigwa kalenda, wakili wao anaumwa, mara jalada halionekani, mara hakimu kahamishwa, miaka minne imekatika na kila ukienda unalipa. Kwake hiyo ni hela ya matumizi ya kawaida, kwenu ni mishahara. Kushinda wala hakuhitaji bana, anataka kesi iwepo tu.

Nimekuwa nasoma sana haya mambo, usiku, badala ya kukujibu (unajua ninavyokimbilia kusoma nikiogopa). Kuna maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Denver, George Pring na Penelope Canan, miaka ya 1980 waliichunguza hii tabia ya kushtaki watu ili wanyamaze kule Marekani wakaipa jina, SLAPP, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kesi za kimkakati za kuzuia watu kushiriki mambo ya umma, na ukilitamka linasikika kama neno la Kiingereza la kofi. Walichokikuta ni kwamba kesi nyingi za hivi hutupwa mahakamani na bado zinafanya kazi iliyokusudiwa, kwa sababu mpaka zinatupwa mshtakiwa kashachoka na majirani wameona. Nilicheka pale kwenye kofi, halafu nikafika kwa Daphne Caruana Galizia wa Malta nikaacha kucheka. Alipouawa kwa bomu kwenye gari lake Oktoba 2017 alikuwa na kesi za kashfa zaidi ya 40. Mfanyabiashara mmoja alimfungulia 19 kwa mpigo! Akaunti zake za benki zilikuwa zimeshazuiwa. Na kesi nyingine ziliendelea dhidi ya familia, yaani watoto wamemzika mama halafu wakarithi mahakama. Umoja wa Ulaya umekuja kupitisha sheria 2024, watu wanaiita sheria ya Daphne, inampa jaji nafasi ya kuitupa mapema kesi ya namna hiyo, lakini ni kwa zile zinazovuka mipaka ya nchi tu. Mtu na mwenzie wa nchi moja wanategemea bunge lao.

Turudi kwenye notisi, kwenye kile cheo tulichokosea, maana najua kinakuuma kama kinavyoniuma. Tulimwandika kuwa ni mkurugenzi wakati tarehe ile alikuwa mwenyekiti wa bodi, na aliyekosea ni mimi, sio Rehema, usimlaumu. Kurasa mbili nzima za notisi ni cheo! Kuhusu malipo na zile tarehe hawajagusa, soma tena utaona. Ni mchezo wa zamani huu. Lile tangazo lililochapwa New York Times mwaka 1960 kuwatetea akina Martin Luther King lilisema King amekamatwa mara 7 kumbe ni 4, likasema wanafunzi waliimba wimbo fulani kumbe walikuwa wameimba wa taifa. Kamishna Sullivan wa Montgomery, Alabama, jina lake halimo hata mara moja, na baraza la wazee wa mahakama likampa dola 500,000. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaja kuifuta 1964, majaji wote 9, wakasema kiongozi wa umma lazima aonyeshe kwamba mwandishi alijua anasema uongo au hakujali kabisa kama ni kweli. Miaka minne hiyo, na lile ni gazeti lenye uwezo. Sisi tuna wakili mmoja anayetuhurumia.

Sasa nikwambie lililonikausha, na usinipigie mpaka umalize kusoma.

Unakumbuka habari ya kwanza, ile ya kabla ya hii, nilipokwambia chanzo kakataa ile sehemu ya mkataba wa pili? Hakukataa. Jioni ile nilipigiwa simu na wakili huyuhuyu, kwa adabu zote, akaniuliza kama nina nyumba au nimepanga. Basi, swali hilo tu, akanitakia kazi njema. Nikakaa kwenye kompyuta nikafuta aya mbili, nikaja mezani kwako na uongo. Hakuna notisi iliyoandikwa wala hakimu aliyenisikiliza, na ndo kesi pekee aliyoshinda mpaka leo. Wewe ukaniambia sio mbaya, habari imebaki nyepesi lakini inasomeka. Nimeitembeza hiyo sentensi kichwani tangu nimeacha kazi, na kuacha kwenyewe.. tutaongea.

Kwa hiyo uliponiomba hati ya kiapo kuhusu yale mahojiano nilijua maana yake. Nikilitoa daftari la kijani nililoandikia mahojiano wataona kila kitu, tarehe, maneno ya chanzo chetu, na zile aya mbili nilizokuficha. Wakili wao ataniuliza mbele ya watu kwa nini nilifuta kama niliamini ni kweli. Na jibu langu itabidi liwe lile swali lake la nyumba.

Nitasaini. Daftari nakuletea mwenyewe mkononi Alhamisi, situmi picha kwa simu.

Ila niambie, mzee wa mtambo kashaanza kuzungukazunguka au bado yuko na sisi? Chogo anajua kuhusu notisi au mnamficha mpaka lini? Mmejibu ndani ya zile siku 7 au wakili wetu aliomba muda? Na ile barua ya radhi uliyosema umeiandika rasimu, umemtumia mtu yeyote? Kama hujatuma, unaweza kuiacha mpaka tuonane? Na wewe unalala kweli?

Halafu mwambie Rehema asikirekebishe kile cheo kimyakimya mtandaoni. Aandike pale chini tulikosea nini na tumesahihisha tarehe gani, cheo peke yake, lingine lolote asiguse.

Mimi wako,
Muddy