Capri ya Mbweni sasa yangu

Kwahani, Unguja

Yakhe Seif,

Assalaam alaykum. Natumai baridi ya Coventry haijakutoa roho. Huku sote wazima, kaskazi imeshika na joto halisemeki. Ila leo sikuandikii habari za hewa. Ile gari, Ford Capri ya marehemu mzee wa Mbweni, tuliyokuwa tukiichungulia kwenye banda la makuti tukitoka kuoga pwani, nimeinunua.

Najua swali lako la kwanza. Ndiyo, ni 3000 kweli, ya mwaka 1971, V6 (silinda sita) ya lita tatu, na bamba la chasisi nimelisoma mwenyewe kwa tochi. Capri nyingi zilitoka kiwandani na injini za 1300 na 1600, mwendo wake wa kwendea mazishini, kwa hiyo nundu ya kwenye boneti, alama ya injini kubwa, peke yake sikuiamini. Na sisi tuliokuwa tukibandika ukutani picha za Mustang na Pontiac GTO, kwa hapa kwetu hii ndiyo tutakayoipata. Ford waliona Mustang ya 1964 ilivyowauzia Marekani, 1969 wakawatolea watu wa Ulaya ndugu yake: pua ndefu, mgongo mfupi, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Tena stelingi iko kulia.

Kununua kwenyewe kulikuwa kazi kuliko gari. Kadi bado ina jina la marehemu. Nyumba na minazi walishagawana zamani, gari ikasahauliwa bandani, kuku wakaifanya yao. Mtoto mmoja wa marehemu alitaka kuniuzia palepale, tupeane mikono basi. Nikamwambia sitoi hata senti mpaka warithi wote watie saini na karatasi ya mirathi ipite Wakf na Mali ya Amana, ofisi ya serikali ya mirathi. Gari ya maiti ukiinunua kwa mrithi mmoja, siku ikishang'ara wenziwe wote watakumbuka haki zao. Yule wa Muscat alipopigiwa simu akaingia kwenye intaneti, akaona bei za huko kwenu, akataka pesa za Kiingereza kwa gari yenye viota vya kuku! Dada yao mkubwa ndiye aliyemtuliza, Mungu ambariki.

Jambo jingine lililoniteremshia bei ni injini. Yule mtoto aliyekuwa akiniuzia aliapa kwamba ni nzima: "Inazunguka, jaribu." Nikatoa plagi, nikatia spana kwenye puli ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, nikavuta. Kweli ikazunguka, laini kabisa. Jamaa akaanza kutabasamu. Nikafungua kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, nikamwambia mwanangu aitazame rota yake inayozunguka ndani huku mimi navuta. Krenki inazunguka, rota imetulia tuli. Wewe ushaelewa. V6 ile, ambayo Ford waliiita Essex, ina gia ya taimingi ya faiba, ikizeeka kwa joto meno yake yanang'oka, kemishafti inayofungua valvu inasimama na distribyuta inasimama nayo. Yule bwana hakuwa na la kusema, na mimi sikumsimanga, nilitaja bei yangu tu.

Sasa hapa ndipo tutakapogombana. Najua gia za chuma za kubadilishia zinauzwa huko, na najua utasema Capri bila Essex si Capri. Lakini mimi siirejeshi kama ilivyotoka kiwandani. Naitengeneza ile wanayoiita restomodi, nje ya zamani na ndani ya leo, kwa sababu nataka kuiendesha mpaka Nungwi na kurudi, siyo kuifunika shuka. Ndani itaingia 1JZ ya Toyota Mark II, injini ya lita 2.5 isiyo na tabo ya kuisukumia hewa. Silinda sita kama ya mwanzo, lakini Essex ilitoa farasi 130 na ushei, hii ya VVT-i, yenye valvu zinazojirekebisha wakati, inatoa 200, na gari yenyewe ina tani moja na kidogo. Ikinizimikia Mkokotoni saa mbili usiku, fundi wa chini ya mwembe anaijua. Essex ataizunguka tu, aniulize kabureta ile inafunguliwa wapi.

Sinunui injini iliyolala sakafuni dukani, nanunua Mark II nzima iliyogongwa nyuma. Kazi hizi zinakwama kwenye nyaya: injini imeshakaa, halafu unatafuta sensa moja moja na kontroli boksi ni ya gari nyengine. Nitachukua vyote pamoja, na giaboksi yake ya otomatiki vilevile (cheka umalize). Tangi litabidi litengenezwe, maana lilizoea pampu ndogo ya kabureta, na hii inataka pampu ya umeme yenye nguvu na bomba la kurudishia petroli. 1JZ ni ndefu, rejeta itasogea mbele na sampu, bakuli la oili chini ya injini, itachezewa. Fundi nimempa sharti: ukuta wa kati ya injini na abiria haukatwi. Essex naipaka grisi na kuiweka stoo, atakayekuja baada yangu akitaka kuirudisha airudishe. Mke wangu naye ana sharti lake, AC.

Ila hayo yote yanasubiri bodi, na bodi, wallahi, inatia huruma. Upepo wa chumvi wa Mbweni umeila kwa ndani. Nilichukua sumaku ya spika mbovu nikaipitisha kila mahali: mlango wa kulia ikashika, chini ya mlango ikaanguka, puti tupu, bati hakuna. Pale juu ya shokamzoba za mbele, ndani ya boneti, niligusa kwa mpini wa bisibisi tu, mpini ukatokea upande wa pili. Hapo ndipo uzito wote wa mbele unapoegemea, siyo mahali pa kupaka rangi ukaomba dua. Fundi bodi anataka kupiga bati juu ya kutu, amalize kwa oili chafu. Nimekataa. Itakatwa mpaka chuma kizima, ichomelewe upya, rangi ya zinki, halafu nta ndani ya mashimo yote. Nusu ya pesa itaishia humo na hakuna atakayeiona. Breki zinafuata, kisha ndiyo injini. Farasi 200 juu ya diski za mwaka 1971 sizitaki, nina watoto.

Ndipo unapokuja wewe. Nitafutie vipande vya bati vya juu ya shokamzoba, kulia na kushoto, na vya chini ya milango. Najua huko bado vinatengenezwa. Na diski za mbele pamoja na kalipa zake kutoka Capri ya 2.8 Injection, zile nene zenye matundu ya hewa, zinaingia kwenye hii. Mpira wa kioo cha mbele pia. Usitume kwa ndege, utanifilisi. Ulizia wale wanaochanga kontena, zishuke bandarini Malindi kabla ya Ramadhani kama itawezekana. Nitajie bei kwanza kabla hujalipa, nikutumie.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anakuulizia kila siku, mpigie.

Nduguyo,
Mudi