Dada, kuhusu ile safari

Dada, shikamoo.

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema Julai una likizo, watoto hawajawahi kumwona tembo, basi nikupangie njia kuanzia Mtwara, Lindi, Kilwa mpaka Hifadhi ya Nyerere, "kama tulivyopanga na Mjomba". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yameninyima usingizi. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unanikatiza, na mimi huwa nanyamaza. Hapa utanisoma mpaka mwisho.

Njia nitakupa. Julai umechagua vizuri, masika usithubutu. Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya maji yaliikata barabara pale Somanga, na sisi wa kusini tukawa kama tuko kisiwani. Anzeni Msimbati, watoto waoge. Gari liacheni kwenye udongo mgumu, mchanga wa kule unameza tairi. Bahari ile yote hadi mlango wa Ruvuma inahifadhiwa tangu 2000 kwa ajili ya matumbawe na mikoko yake, kwa hiyo wakataze kuokota matumbawe. Kisha pandeni Newala, mlale, alfajiri msimame Shimo la Mungu kabla ukungu haujainuka bondeni. Ukiinuka mtauona mto, na ng'ambo yake Msumbiji.

Tendaguru wasimulie tu, mifupa ya wale mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, haipo. Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ikashushwa hadi bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa watu wetu. Mjusi mwenyewe leo amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Unamkumbuka Mjomba akilieleza hilo? Kila mara na hasira mpya, utadhani meli imeng'oa nanga asubuhi ile.

Hivi uliwahi kumwuliza kwa nini mtu wa Liwale alipe kiingilio akaone tembo? Mimi nilimwuliza. Akasema, "Tembo namjua kwa usiku, mimi na debe langu, yeye na mahindi yangu. Nataka nimwone mchana, tumetulia wote wawili." Ndiyo maana msimu ule kilo ya korosho ilipopita shilingi 4,000 hakubadilisha bati. Aliweka hela ya safari. Akanunua daftari la kurasa 32, akaandika vituo vyote kwa kalamu ya bluu, kila kituo mstari wake: Mchinga. Mbwemkuru. Nangurukuru, chai. Masoko, kibali. Kisiwani. Daraja la Mkapa. Kibiti. Mloka. Mtemere, tembo. Tukipita kituo anaweka alama ya vema, analifunga, analirudisha mfuko wa shati.

Nangurukuru, Dada.

Simu yako iliita kabla chai haijapoa. Najua kazi ni kazi, sijawahi kusema usingeenda Dar. Ninachokisema ni dirisha. Ulishusha mabegi yetu, ukaingia garini, ukawasha, ndipo ukamkumbuka mzee. Ukamwita asogee. Mtu aliyekubeba mgongoni miaka ya shule ukampa noti ya elfu kumi kupitia dirishani, injini inanguruma, miwani ya jua bado usoni. Akaipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Nenda mwanangu, magofu hayana miguu." Ukasema Jumamosi utaturudia. Hukushuka, Dada. Dakika moja tu ya kushuka.

Yeye hakukulaumu hata siku moja. Alikuwa akikupikia udhuru hata usiouhitaji, na mimi hilo lilinichoma zaidi kuliko noti.

Sasa utasema, na najua utasema, kwamba mimi nilikuwepo. Hiace ya Kilwa Masoko ilikuwa pale pale, kondakta anaita "Masoko, Masoko, wawili tu!" Mjomba akanitazama. Nilikuwa na elfu sitini mfukoni. Lakini fikiria: huko kuna kibali cha kuona magofu ya Kisiwani, kuna boti ya kuvuka, kuna mahali pa kulala, na mzee goti lilishaanza kumsumbua tangu Mchinga. Ningembeba mimi kwenye ngazi za boti? Nilifanya anavyofanya mtu mwenye akili, nikasema turudi nyumbani, tukusubiri Jumamosi. Na nilitaka Jumamosi hiyo umkute amekaa barazani na begi lake limefungwa, uone mwenyewe. Hilo nalo nalikubali. Tungeweza kufika. Kilwa Kisiwani ilikuwa nusu saa ya gari, halafu mkondo wa maji.

Muwapeleke watoto huko. Waone Msikiti Mkuu, na pale Husuni Kubwa waone bwawa la pembe nane. Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331, akausifu. Mjomba alikuwa anajua jina lake, analitamka vizuri kuliko mimi. Kutoka hapo rudini Nangurukuru, shikeni ya Dar, mvuke Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Waambie kabla ya 2003 babu yao alikuwa anasubiri pantoni pale Ndundu, siku nyingine analala kwenye foleni. Kibiti mkate kushoto kuelekea Mloka, njia ya vumbi, jazeni mafuta kabla. Lango la Mtemere linafuata. Hifadhi ya Nyerere ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000, kwa hiyo msijaribu kuizunguka kwa siku moja. Chukueni boti mtoni jioni, tembo hushuka kunywa.

Kuhusu ile hela ya korosho uliyoniuliza mbele ya watu siku ya arobaini ya Mjomba: sanda, mchele wa hitma, mbuzi wawili, na nauli za ndugu waliotoka Liwale. Karatasi ninazo zote. Wewe ulituma rambirambi, ilifika siku ya tatu, na nilikushukuru. Sikula hata shilingi yake. Kwa nini ulidhani nimekula?

Chumba chako Lindi kimefagiliwa. Shemeji yako ameshanunua chandarua cha watoto. Gari lije na tairi la akiba zima, si kama lile la mwaka ule. Daftari nitakuja nalo mimi. Alama ya mwisho ipo Nangurukuru, na mbele ya neno chai ameandika kwa herufi ndogo: "mtoto ameitwa kazini".