Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Soka la Kenya kuhusu benchi jipya la Harambee Stars

Malindi, 26 Machi 2025

Mheshimiwa Rais,

Nakuandikia nikiwa shabiki wa timu yetu ya taifa, Harambee Stars, na mkufunzi wa vijana hapa Malindi, ambaye jioni, baada ya swala ya alasiri, huwafunza watoto wa Barani na Maweni kupiga pasi na kujipanga uwanjani. Tangu Benni McCarthy alipotambulishwa mapema mwezi huu kuwa kocha mkuu, barazani kwetu hakuzungumzwi jingine, nami ningependa uyasikie yanayosemwa kutoka kwetu wenyewe.

Kuhusu McCarthy, wengi wetu tumeridhika. Ndiye aliyeifungia Afrika Kusini mabao mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote, mabao 31. Alitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004, na aliwahi kuwanoa washambuliaji wa Manchester United. Usiku wa mechi yake ya kwanza tulitoka tarawehe tukaenda moja kwa moja kwenye televisheni, na vijana walipotoka nyuma wakasawazisha 3-3 na Gambia kule Abidjan, kuna waliobaki barazani wakiujadili mchezo ule mpaka wakati wa daku. Siku tatu baadaye Gabon walitufunga 2-1 pale uwanja wa Nyayo, Nairobi, yote mawili yakiwa ya Aubameyang, na baadhi ya waliomsifu wakaanza kumlaumu. Mimi simo katika hao, kwa kuwa kocha aliyekaa na wachezaji siku chache hapimwi kwa mechi mbili.

Linalotushughulisha ni benchi zima la ufundi. Kocha msaidizi Vasili Manousakis, kocha wa makipa Moeneeb Josephs na mchambuzi Pilela Maposa wametoka Afrika Kusini pamoja na mkuu wao. Sina neno juu ya ujuzi wao, na naelewa kwamba kocha hufanya kazi vyema akiwa na watu anaowaamini. Lakini tumewaona makocha wa kigeni kama Amrouche, Williamson, Put, Migné na Firat wakija na kuondoka. Migné alitupeleka Misri mwaka 2019, nasi tunamshukuru kwa hilo. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo sijakutana na kocha hata mmoja wa vijana, hapa Kilifi wala kule Lamu, aliyeniambia kwamba zoezi fulani alilipata kwa kocha wa timu ya taifa.

Wala si kwamba Wakenya hawafundishiki. Ni Jacob Mulee aliyekuwa kocha tulipopata ushindi wetu wa kwanza kabisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika, tulipoifunga Burkina Faso 3-0 nchini Tunisia mwaka 2004. Hapa Pwani hatujasahau kocha Bernard Mwalala alivyoifikisha timu ya Bandari nafasi ya pili ya ligi mwaka 2019 na kuipa kombe la Ngao mwaka huohuo. Watu wa aina hiyo wapo, tena wengine ni vijana wadogo wenye leseni ya ukocha ya D tu, ambao hawana wa kumuuliza kipa wa miaka 14 anafundishwaje kutoka golini kuufuata mpira wa kona.

Kwa hiyo ombi langu ni moja: majukumu ya benchi hili yajumuishe, kwa maandishi, siku za kuwafundisha makocha wa mashinani nje ya Nairobi, na sisi mashabiki tuelezwe siku hizo ni zipi. Mwezi Agosti tutakuwa wenyeji wa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, mashindano ambayo huchezwa na wanaosakata kabumbu katika ligi za nyumbani pekee. Wachezaji hao walianza kufundishwa na watu kama sisi kabla hawajajulikana na mtu, na yale tuliyokosea kuwafundisha wakiwa na miaka 12 ndiyo McCarthy atakayohangaika kuyarekebisha wakiwa na miaka 24. Kombe la Mataifa la 2027 nalo linakuja papa hapa kwetu, na baadhi ya watakaocheza huenda leo wako shuleni.

Najua ratiba ni ngumu na safari ni ndefu. Kutoka kwetu hadi Kasarani, Nairobi, ni zaidi ya kilomita 500, na ndiyo maana makocha wetu wengi hawawezi kuja huko kwa nauli yao. Akija Josephs peke yake kwa siku mbili, na makipa wetu na walimu wao wakae naye, tayari tutakuwa tumepata kitu ambacho hatujawahi kukipata.

Idd inakaribia, na baada yake mazoezi yatarudi kama kawaida. Uwanja wa Alaskan upo, makocha nitawakusanya mimi mwenyewe kutoka Watamu hadi Mambrui, na mipira tutakuja nayo. Tunachosubiri ni tarehe kutoka ofisini kwako.

Wako mwaminifu,
Shabiki na mkufunzi wa vijana,
Barani, Malindi